Nani Aliyewatuma Kuisemea Dunia?

Mapema mwaka 2029, mawimbi ya redio yaliyorushwa tarehe 9 Oktoba 2008 kutoka kituo cha Yevpatoria, katika rasi ya Crimea, yatawasili kwenye Gliese 581, nyota ndogo nyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 20. Mawimbi hayo yamebeba picha, michoro na maandishi 501 yaliyotoka kwa watumiaji wa Bebo, mtandao wa kijamii uliokuwa ukipendwa na vijana wa Uingereza enzi hizo, na waandaaji waliupa mzigo huo jina la ujumbe kutoka Duniani. Hawakuuita ujumbe wa vijana wa Uingereza, wala wa waliougharamia, wala wa wenye dishi. Kwa hiyo, ikiwa yuko mwenye masikio huko, atakachoambiwa ni kwamba sote tumesema, wakiwemo wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hapa Mombasa ambao hawakupata hata fununu kwamba wanasemewa.

Mjadala kuhusu kuwasalimu viumbe wenye akili walioko nje ya Dunia, kama wapo, huendeshwa aghalabu kama mjadala wa hatari. Upande mmoja huonya kwamba tunajitangaza kwa tusiowajua, upande wa pili hujibu kwamba woga huo hauna msingi, na msomaji huachwa achague kati ya hofu na ushujaa. Mimi naona kwamba hatari imepewa uzito kuliko ushahidi unavyoruhusu, na kwamba jambo tunaloweza kulihukumu leo hii, bila kujua lolote kuhusu viumbe hao, limesukumwa pembeni: ni nani mwenye haki ya kufungua mazungumzo kwa niaba ya watu wote, na haki hiyo amepewa na nani.

Kusikiliza na kusema ni kazi mbili tofauti, ingawa vyombo vya habari huzichanganya mara kwa mara. Kusikiliza kulianza kwa utaratibu wa kisayansi mwaka 1960, pale mwanafalaki Mmarekani Frank Drake alipoielekeza darubini ya redio ya Green Bank, West Virginia, kwenye nyota mbili za jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akitega masafa ya megahezi 1,420 ambayo ni masafa ya asili ya atomu ya haidrojeni. Hakusikia kitu, na hakumsemea mtu. Drake huyo huyo, akisaidiwa na mwanafalaki mwenzake Carl Sagan na wengine, ndiye aliyeandaa ujumbe uliorushwa tarehe 16 Novemba 1974 kutoka Arecibo, Puerto Rico, katika sherehe ya kuzindua ukarabati wa dishi lenye kipenyo cha mita 305. Ujumbe ulikuwa na biti 1,679, yaani alama za sifuri na moja, idadi ambayo, mbali na moja na yenyewe, hugawanyika kwa 23 na 73 pekee, zote mbili zikiwa namba tasa, ili mpokeaji ajuaye hesabu atambue kwamba anapaswa kuzipanga katika mistari 73 yenye nafasi 23 kila mmoja. Akifanya hivyo hupata picha: namba kutoka moja hadi kumi, elementi tano za msingi wa uhai, msokoto wa DNA, umbo la binadamu, idadi ya watu ambayo wakati huo ilikuwa bilioni nne na ushei, Jua na sayari zake, na mwishoni mchoro wa dishi lenyewe. Kazi nzima haikuchukua dakika tatu. Ilielekezwa kwenye M13, kundi la nyota laki kadhaa lililo umbali wa miaka ya nuru takriban 25,000, hivyo kwamba jibu, kama lingekuja, lingewakuta watu wa miaka 50,000 ijayo.

Ni kazi safi ya akili, na sina budi kuisifu. Hata hivyo, Martin Ryle, mwanafalaki mkuu wa Uingereza ambaye mwaka huo huo alipata Tuzo ya Nobel, alilalamika kwamba haikuwa busara kutangaza tulipo, na lalamiko lake liliishia kujibiwa kwa barua. Ujumbe ulikuwa umekwishaondoka kwa kasi ya nuru, na hakuna kinachoweza kuufukuza na kuurudisha. Hapo ndipo desturi ilipojengeka: mwenye dishi huamua, na wengine hupata habari baadaye.

Desturi hiyo imezaa matunda ya kila aina. Kabla ya Arecibo, mnamo Novemba 1962, Wasovieti walikuwa wamekwisharusha kutoka Yevpatoria, kwa alama za Morse, zile za nukta na vistari, maneno ya amani, Lenin na jina la nchi yao kuelekea Zuhura, salamu ambazo bila shaka zililenga zaidi masikio ya Washington kuliko ya sayari yenyewe. Kuanzia 1999, mwanasayansi wa Urusi Alexander Zaitsev alitumia dishi la Yevpatoria kurusha mfululizo wa ujumbe kwa nyota mbalimbali. Februari 2008, shirika la NASA la Marekani, likisherehekea kutimiza miaka 50, lilirusha wimbo wa The Beatles kuelekea nyota ya kaskazini, ile jaa ya manahodha wa majahazi, ambayo sisi tulio Mombasa, nyuzi nne kusini mwa Ikweta, hatuioni kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho. Juni ya mwaka huo huo, rada ya utafiti iliyoko Svalbard, Norway, ilitumika kurusha tangazo la biashara la krispi za mahindi kuelekea nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 42. Sikutia chumvi hapo. Kati ya vitu vichache ambavyo binadamu amewahi kuvituma kwa makusudi kwa majirani asiowajua, kimojawapo ni tangazo la krispi.

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo ni upuuzi wa baadhi ya watumaji, na kwamba kazi ikiachiwa watu makini litakwisha. Sidhani hivyo, na mfano ninaoutumia uko karibu nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa likiendeshwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya X kutoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji, setilaiti ilipewa jina la Uhuru. Miaka saba baadaye, vyombo vya Voyager 1 na Voyager 2 viliondoka Marekani vikiwa na santuri zilizopakwa dhahabu, zenye picha 115, muziki wa takriban dakika 90 na salamu katika lugha 55. Kisumeri kimo, Kiakadi kimo, na lugha zote mbili zilikufa zamani. Kiganda kimo, Kinyanja na Kisotho vimo, na Kiila cha Zambia nacho kimo. Kiswahili hakimo.

Sililii nafasi, na kiumbe wa mbali hatajua tofauti ya Kiswahili na Kiganda hata akizisikiliza karne nzima. Ninachokitazama ni namna orodha ilivyopatikana. Kamati ya Sagan iliyoandaa santuri hizo ilikuwa ndogo, muda wake ulikuwa mfupi, na sauti nyingi zilirekodiwa katika Chuo Kikuu cha Cornell kutoka kwa wasemaji waliopatikana hapo. Walikuwa watu wenye nia njema, waliotaka kwa dhati kuiwakilisha Dunia yote, na matokeo yake yakawa Dunia kama inavyoonekana kutoka mji mmoja wa chuo katika jimbo la New York. Kwa bahati, Voyager huenda polepole. Itachukua miaka 40,000 hivi kabla ya Voyager 1 kupita karibu na nyota nyingine, na kwa sababu hiyo santuri yake ni kumbukumbu zaidi kuliko barua. Redio ni jambo jingine. Ujumbe uliorushwa mwaka 2017 kutoka Tromsø, Norway, kwa ushirikiano wa tamasha moja la muziki la Barcelona na METI International, shirika linalotetea kutuma ujumbe kwa viumbe wa nje ya Dunia, kuelekea nyota ya Luyten iliyo umbali wa miaka ya nuru 12.4, utafika 2030. Jibu la mapema kabisa lingefika 2042, wakati ambapo wengi wanaosoma makala haya watakuwa hai.

Sasa niirudie hatari, kwa sababu haiwezi kurukwa. Stephen Hawking alipoonya mwaka 2010 dhidi ya kujitangaza, alitoa mfano wa Columbus na wenyeji wa Amerika. Sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, akaondoka kwa uhasama, akaenda Malindi ambako sultani alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteketeza mji wa Mombasa. Mwaka 1593 ujenzi wa Fort Jesus ulianza, na mtawala wa Malindi, mshirika wa Wareno, akahamishiwa makao yake Mombasa. Ukuta wa ngome hiyo bado unatazama mlango wa bandari, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa akiambiwa kwamba mgeni mwenye chombo bora baharini anaweza kuwa janga, haombi ushahidi.

Lakini mfano huo ukipimwa kwa makini haubebi kila kitu kinachopachikwa juu yake. Wareno walijua walichokifuata: njia ya pilipili na biashara ya Bahari ya Hindi, bidhaa zilizokuwa na bei Lisbon. Kiumbe aliye umbali wa miaka ya nuru 20 hana sababu kama hiyo inayoeleweka, kwani maji na madini vimejaa tele angani bila ya kumvuka mtu. Safari yenyewe ni kizuizi kikubwa kuliko bahari yoyote. Voyager 1, inayokwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuvuka umbali unaolingana na ule wa nyota iliyo jirani zaidi na Jua. Kisha kuna hoja ya kwamba tumekwishajulikana. Rada za kijeshi na zile za kupima vimondo na sayari zimekuwa zikivujisha mawimbi makali kwa miongo kadhaa. Matangazo ya televisheni ni dhaifu mno kusikika mbali, na wanaoyataja kama ushahidi mkuu wanakosea, ila oksijeni ya anga letu imekuwa ikitangaza kuwepo kwa uhai hapa kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, kwa yeyote mwenye darubini ya kutosha. Anayetaka kuificha Dunia amechelewa sana.

Sehemu ya kisa cha 1498 ambayo mimi naiona ina uzito ni nyingine kabisa. Sultani wa Malindi hakuwa mjinga wala msaliti. Alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, akaona faida, akafungua mlango. Uamuzi ulikuwa wa mji mmoja, lakini waliokuja kuishi na matokeo yake walikuwa watu wa Kilwa, Mombasa, Pate na Zanzibar, kwa karne mbili, hadi Fort Jesus ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Hata kama Wareno wangekuwa wapole, bado ingekuwa kweli kwamba Mombasa haikuulizwa.

Wanaotetea utumaji wana jibu zuri, na ni haki kulieleza katika nguvu yake yote. Douglas Vakoch, mwanzilishi wa METI International, husema kwamba ikiwa kila jamii katika galaksi inasikiliza na hakuna inayosema, kimya kitadumu milele, na lazima mmoja aanze. Huongeza kwamba kusubiri hadi watu wote wakubaliane ni sawa na kuamua kunyamaza, na kunyamaza nako ni uamuzi unaofanywa kwa niaba ya wengine. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, kwani ni ya kweli. Tofauti ninayoiona ni kwamba anayenyamaza leo anaweza kusema kesho, ilhali aliyekwisharusha hana namna ya kubadili nia.

Tena, tumesikiliza kidogo sana kiasi kwamba hatuwezi kukiita tulichonacho kimya. Jill Tarter, mmoja wa waasisi wa utafutaji huu, alilinganisha anga iliyokwisha kuchunguzwa na bilauri moja ya maji iliyotekwa kutoka baharini. Hesabu ya Jason Wright na wenzake ya mwaka 2018 iliongeza kiasi hicho hadi kufikia bwawa dogo la kuogelea, bado ukilinganisha na bahari zote. Hakuna mvuvi wa Kibokoni ambaye angechota bilauri moja, asione samaki, akatangaza kwamba bahari ni tupu na dawa yake ni kuipigia kelele. Na katika kusikiliza Afrika haiko nje ya uwanja. Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini imekuwa ikitumiwa na mradi wa Breakthrough Listen, uliotangazwa 2015 kwa ahadi ya dola milioni 100 kwa miaka kumi, na Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mpango wa darubini kubwa ya SKA. Waanzilishi wa Breakthrough walitangaza pia shindano la kubuni ujumbe, lakini waliahidi kutourusha hadi mjadala mpana ufanyike, na huo ni mwenendo wa kupigiwa mfano.

Sheria, kwa upande wake, ina kichekesho ambacho sijakiona kikielezwa vya kutosha. Mwaka 1989, Akademia ya Kimataifa ya Astronotiki iliandaa azimio la misingi ya kufuatwa iwapo ishara ya viumbe wenye akili itapatikana, na mojawapo ya misingi hiyo ni kwamba jibu lisitumwe kabla ya mashauriano ya kimataifa. Azimio hilo halina nguvu ya kisheria, lakini hata lingekuwa nayo, linamgusa anayejibu peke yake. Aliyesikia sauti anapaswa kuomba ushauri kabla ya kufungua kinywa; asiyesikia lolote yuko huru kupiga kelele apendavyo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaibebesha kila nchi dhamana ya shughuli za raia na makampuni yake katika anga za juu, ila haisemwi popote kama kurusha mawimbi kutoka ardhini ni shughuli ya namna hiyo. Anayetaka kufungua kituo cha FM hapa Mombasa ni lazima apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na maudhui yake yana kanuni. Anayetaka kuzungumza na nyota kwa jina la watu zaidi ya bilioni nane anahitaji masafa na umeme tu.

Kuna uzembe mwingine ambao haujadiliwi kabisa, nao ni wa kusubiri jibu. Dishi la Arecibo liliporomoka tarehe 1 Desemba 2020 baada ya nyaya zake kukatika mwaka huo huo. Yevpatoria iko katika eneo ambalo Urusi ililitwaa 2014 na ambalo tangu 2022 limo ndani ya vita. Sijaona taasisi iliyojifunga kisheria au kwa bajeti kuitega Gliese 581 kuanzia 2049 ili isikie kama kuna aliyejibu. Mtu anayetuma barua kisha akaondoka nyumbani bila kuacha mwakilishi anatufanya tushuku kwamba barua haikuwa kwa ajili ya anayeandikiwa.

Mnamo Februari 2015, kundi la wanasayansi na wengineo, akiwemo mwandishi David Brin na Elon Musk, lilitoa tamko la kutaka mjadala wa dunia nzima wa kisayansi, kisiasa na kibinadamu kabla ya ujumbe wowote kutumwa. Nalikubali tamko hilo kwa maana yake, ingawa mjadala usiokuwa na ukumbi hubaki kuwa mazungumzo ya barazani. Ukumbi upo: Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, inayokutana Vienna na ambayo Kenya ni mwanachama wake. Kinachohitajika si marufuku ya daima, ambayo isingetekelezeka, kwani rada inayopima kimondo hutoa mawimbi makali kama ya ujumbe. Inatosha kuanza na sharti kwamba urushaji wowote wa makusudi kuelekea nyota utangazwe mapema, pamoja na maudhui, nguvu na mwelekeo wake, na kwamba kanuni ya mashauriano ya 1989 imguse anayeanza kama inavyomgusa anayejibu.

Najua kwamba kamati hiyo huamua kwa maafikiano na kwamba mwendo wake ni wa kobe. Lakini Kenya imewahi kuuliza swali la aina hii. Desemba 1976, pamoja na Uganda, Congo, Zaire, Colombia, Ecuador na Indonesia, ilitia sahihi Azimio la Bogotá, lililodai kwamba nchi za Ikweta zina haki juu ya njia ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ardhi zao. Mataifa makubwa yalilikataa dai hilo, na kwa upande wa sheria yalikuwa na hoja. Hata hivyo, malalamiko ya aina hiyo kutoka nchi zinazoendelea yalichangia mikutano ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya 1985 na 1988, iliyohakikisha kila nchi inatengewa nafasi yake katika njia hiyo. Wizara zinazohusika na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa 2017, zinaweza kuomba kipengele cha ujumbe kwa nyota kiingizwe katika ajenda ya Kamati Ndogo ya Sheria, na Indonesia, Colombia na Ecuador, zilizotia sahihi Bogotá pamoja nasi, nazo zina viti Vienna.